Nyongo ya Mamba

Tangu Mangi amlete mkewe Whitney katika nyumba ile ya Muyeye, mjini Malindi, mama yake, Kadii, alikuwa akila kwa macho kwanza. Sahani ikiwekwa mbele yake aliizungusha, akauchungulia mchuzi kwa jicho moja, akaunusa mvuke, akatafuta kitu ambacho hata yeye hakujua sura yake. Halafu alikula, tena alikula vizuri, maana msichana yule alijua kupika. Utamu wenyewe ndio uliozidi kumtia wasiwasi. Wali wa tui zito, kuku wa kukaanga, samli ikielea juu ya mchuzi kila Jumapili! Mkaza mwana anayempikia mavyaa wake namna hiyo, Kadii alijiuliza, anaficha nini moyoni?

Usidhani alikuwa mtu wa kubabaishwa. Mumewe alifariki Mangi akiwa bado anatambaa, na tangu hapo Kadii alimlea peke yake, akamsomesha ufundi wa umeme na kusimamisha nyumba ya mawe, yote kwa matumbo ya mbuzi na ng'ombe. Alfajiri alikuwa kichinjioni akigombana na wachinjaji juu ya bei. Jua likipanda alikuwa uani kwake, ameupindua utumbo nje ndani, anausugua kwa maji ya moto na ndimu mpaka uache kunuka. Adhuhuri watu wa mtaa walikuwa wamejipanga na mabakuli yao mbele ya jiko lake. Tumbo kubwa lenye manyoya kama taulo, lile lingine la kurasa kurasa, utumbo mrefu usiokwisha, ini, bandama, vyote alivijua kwa kuvigusa tu, hata ukimfunga macho.

Kitu kimoja hakukitaka kwenye ndoo yake, nacho ni mfuko wa nyongo. Mchinjaji aliukata kwa ncha ya kisu, polepole, amezuia pumzi, maana ukipasuka ini lote limeharibika kwa uchungu, kisha aliutupa mbali. Kadii alikuwa ameuona ukitupwa miaka nenda miaka rudi, na aliamini kwa dhati kwamba Mungu aliusahau pale. Kwamba mfuko huo una kazi yoyote duniani, hilo halikumpitia kichwani hata siku moja.

Yeye mwenyewe matumbo hakuyala. Mtu aliyeshinda amekaa juu ya sufuria hilo tangu asubuhi hana hamu nalo. Mchana alipitisha kwa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na usiku, siku za kazi, Whitney akirudi kutoka shule ya msingi alikofundisha, walikula sima na mchicha. Ilikuwa Jumapili ndipo Whitney alipojifunga kanga na kupika sawasawa.

Na ilikuwa Jumapili ndipo maumivu yalipokuja. Yalianzia chini ya mbavu za kulia, yakakaza kama mtu anayekamua nguo, yakapanda mpaka begani na mgongoni. Kadii alilowa jasho, akatapika, akajikunja kitandani mpaka waadhini wakaadhini Magharibi. Jumatatu alikuwa mzima, amebeba ndoo yake kama kawaida, mpaka Jumapili nyingine yakarudi. Mangi alimsihi aende hospitali, naye alikataa katakata. Ugonjwa gani, alimuuliza mwanawe, unaoijua Jumapili?

"Lakini tumekula chungu kimoja, mama," Mangi alisema. "Mbona sisi hatuumwi?"

"Hilo ndilo ninalouliza na mimi," Kadii alijibu.

Aliyempa jibu alikuwa Saleha, jirani yake wa ng'ambo ya njia, Mswahili wa mjini aliyeuza viazi karai na maneno, na maneno aliyatoa bure.

"Shoga," Saleha alisema, akigeuza viazi vyake kwenye mafuta, "mkweo kwao wapi vile?"

"Magarini. Ng'ambo ya Sabaki huko."

"Ala! Sabaki." Saleha akauacha upawa kwenye karai. "Na Sabaki kuna nini, mwenzangu?"

"Kuna maji."

"Kuna mamba, Kadii. Na mamba ana nyongo."

Akamsogelea, akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni paka tu. Nyongo ya mamba, alisema, hukaushwa ikasagwa, na chembe yake ikiingia kwenye mchuzi mtu hafi siku ile. Huliwa tumbo kidogo kidogo, anaumwa leo, kesho anapona, watu wanasema ni vidonda vya tumbo, mpaka siku moja anazimika. Aliyasikia hayo kwa marehemu shangazi yake. Shangazi naye aliyasikia kwa mtu. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo aliyeiona nyongo yenyewe, wala aliyemjua aliyekufa nayo, lakini Kadii alirudi kwake siku hiyo ameyaamini yote.

Jumapili iliyofuata alianza uchunguzi. Kila alipopata nafasi alichomoa kipande cha kuku kwenye sahani, akakificha kwenye pindo la leso, akatoka nacho nje kumpa paka. Paka alikula, akajilamba, akalala. Jumapili nyingine vilevile. Mwisho paka akawa anakuja mwenyewe siku hiyo, amenawiri, manyoya yanang'aa.

"Paka hadhuriki," Kadii alimpasha habari Saleha.

"Atadhurikaje? Dawa yenyewe imesomewa jina. Paka anaitwa Kadii?"

Jibu lile lilimtosha. Paka angekufa, ungekuwa ushahidi. Paka alinenepa, ukawa ushahidi vilevile. Toka hapo hakuna alichofanya Whitney kikaonekana chema. Akinawa mikono muda mrefu kabla ya kupika, ananawa nini? Akizungumza kwa simu na mama yake huko Magarini kwa sauti ya chini, wanapanga nini? Na baada ya kula alikuwa na mazoea ya kuuliza, "Mama, umeshiba? Nikuongeze?" Kadii alilala akiligeuza swali hilo. Nani humuuliza mtu kama ameshiba, isipokuwa aliyempimia?

Siku moja ya katikati ya juma, Whitney akiwa shuleni na Mangi kazini, Kadii aliingia chumbani kwao kutafuta ufagio. Ufagio ulikuwa mlangoni nje, mahali pake pa siku zote, na alikuwa ameupita. Chini ya kitanda palikuwa na boksi. Ndani ya boksi palikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Alikifungua.

Alikuwa mtu. Mtu wa udongo, urefu wa mkono kutoka kiwiko, hana macho wala pua, mdomo tu, tena wazi. Amepasuliwa kutoka kooni mpaka kinenani. Ndani ya tumbo lake vimepangwa vitu vya udongo vilivyopakwa rangi, na Kadii hakuhitaji kuambiwa ni vitu gani, maana alivishika kila siku. Mrija wa kushuka kutoka kinywani. Mfuko wa tumbo. Ini, limetiwa rangi ya damu. Utumbo mwembamba umejikunja kunja katikati, na utumbo mnene umeuzunguka. Na katika kila kimoja kimechomekwa kijiti chenye ncha, vile vya kuchokolea meno. Kijiti kimoja kilisimama ubavuni kulia, chini ya ini, kwenye kifuko kidogo cha kijani.

Kadii akajishika pale pale. Kisha akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Whitney aliporudi, chaki bado kwenye mikono ya blauzi, alikuta uwanja umejaa watu na yule mtu wa udongo amelazwa juu ya gunia. Mangi alikuwa ameitwa kazini, amesimama na mkanda wa vifaa kiunoni, hajui aweke wapi macho yake.

"Mama," Whitney alisema, "hicho ni kifaa cha somo. Na watoto wa darasa la sita tunasoma mfumo wa kusaga chakula. Nimekificha kwa sababu udongo haujakauka, ningekiacha wazi paka angekiangusha."

"Na misumari hii?"

"Si misumari, ni vijiti vya kubandikia majina. Majina sijayaandika bado." Akachutama, akaanza kuonyesha kwa kidole kama aliye mbele ya darasa. "Huu ni umio, unapitisha chakula. Hapa ni tumbo, kinachanganywa na asidi mpaka kiwe uji. Huu utumbo mwembamba, ndimo chakula kinamofyonzwa kuingia kwenye damu. Huu mpana unanyonya maji, makapi yanabaki ya kutoka. Hili ini. Hii nyuma ya tumbo ni kongosho."

"Na hiki?" Kadii alikielekeza kijiti cha ubavuni bila kukigusa.

"Huo ni mfuko wa nyongo, mama."

"Yallah!" Saleha alipiga makofi huko nyuma. "Kataja mwenyewe!"

Uwanja ukavuma. Wengine walicheka, wapo waliorudi nyuma hatua, na kina mama wakawavuta watoto wao. Whitney alisimama. Jina ambalo watu walikuwa wakilitafuna midomoni halikuwa limetamkwa bado, lakini kila mtu alilisikia linakuja, na huku kwetu jina hilo likishakupata hata ukihama linakufuata. Akamtazama mumewe.

"Mangi," Kadii alisema, "chagua. Mimi au yeye."

Mangi alitazama chini. Ndivyo alivyofanya mwanamume yule mzima, fundi wa kupanda nguzo za umeme bila woga: alitazama chini.

"Usichague," Whitney alimwambia. "Mimi sifukuzwi. Naondoka kabla hamjanipa jina." Aliingia ndani akafunga nguo zake. Alipotoka, mtu wa udongo alikuwa amekwisha kanyagwa kanyagwa, na hakuna aliyesema ni nani aliyemkanyaga.

Majuma yaliyofuata Kadii hakuumwa hata kidogo. Alijipikia mwenyewe, muhogo, maharagwe, samaki wa kuchoma, na kila Jumapili jioni alijipapasa ubavu akawaambia wateja wake, "Mmeona?" Wateja walikubali kwamba wameona. Mangi peke yake hakuona. Alikula mikahawani, akarudi nyumbani kulala tu, na akizungumza na mama yake alizungumza kama mpangaji. Baba yake Whitney, mzee Kambi, alikuwa amempelekea habari kwamba yuko tayari kuivunja ndoa hiyo, maana yeye hakumtoa bintiye aende akaitwe mchawi na wauza matumbo.

Kisha Saleha akamwoza mpwa wake. Palipikwa pilau ya ng'ombe ya kuangusha watu, punje za wali zinang'aa mafuta, na sambusa zisizo na idadi. Saleha alimpakulia shoga yake kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea na nyama ya kifuani. Kadii alikula akashukuru. Tarabu haijapamba moto, chini ya mbavu za kulia kukakaza.

Alifikiri kwanza kwamba Whitney ametuma kitu kutoka Magarini. Maumivu yalipopanda begani alifikiri jambo jingine. Alimtazama Saleha kwa macho ya jasho: Saleha mwenye kusimulia habari za sumu, Saleha aliyejua inavyokaushwa na inavyosagwa. Aliyajuaje yote hayo? Nani aliyempakulia?

"Saleha," alisema, akijishika, "nimekukosea nini?"

Saleha alielewa mara moja, maana lugha hiyo aliifundisha yeye. Akang'aka mbele ya wageni wote. "Mimi? Mimi, Kadii? Uwanja mzima umekula sufuria moja! Mbona hao hawajaanguka?"

Kadii aliyasikia maneno hayo na akakumbuka nani mwingine aliyemwambia hivyo. Alipotapika mara ya pili Mangi alimbeba mikononi, hakumwomba ruhusa, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana wa mjini, jina lake Salmin, mwenye heshima na mzaha kidogo. Alimpaka ute wa baridi ubavuni, akapitisha kifaa chake huku anatazama kioo cha mashine. Kisha akamgeuzia kile kioo.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza matumbo."

"Basi mimi na wewe hatutasumbuana. Mfuko wa nyongo unakaa wapi?"

"Chini ya ini. Hutupwa."

"Wa mbuzi hutupwa. Wako una kazi." Akamwonyesha kivuli kama puto dogo, na ndani yake chembe nyeupe zimelala chini. "Ini lako linatengeneza nyongo, mfuko unaitunza. Chakula kikishasagwa tumboni kinashuka kwenye utumbo mwembamba. Kikiwa na mafuta, utumbo unapeleka habari, mfuko unajibana, unamimina nyongo. Nyongo inayavunja mafuta kama sabuni kwenye sufuria lako, la sivyo yangepita tu hivyo hivyo. Sasa wako umefanya mawe. Unapojibana, jiwe linaziba mlango. Hayo ndiyo maumivu yako."

"Nikila muhogo siumwi."

"Muhogo wa kuchemsha hauna mafuta, mfuko unalala usingizi wake. Uletee samli, tui zito, nyama ya kifuani, uone."

"Jumapili," Kadii alisema.

"Haujui Jumapili, mama. Unajua mafuta."

Kadii alikitazama kioo muda mrefu. Lilikuwa limebaki swali moja, na alilitoa kwa sauti ya mtu anayeomba jibu fulani. "Mtu anaweza kuwekewa mawe hayo? Na mtu mwingine?"

"Hapana. Hukua yenyewe ndani, taratibu, miaka mingi. Haya yalikuwamo kabla hujaanza kuyahisi."

Miaka mingi. Whitney hakuwa amemaliza hata mwaka katika nyumba ile. Daktari aliendelea kueleza kwamba mfuko huo itabidi utolewe, kwamba mtu anaweza kuishi bila huo, na mpaka siku ya upasuaji asiguse mafuta kabisa. Kadii alisikia nusu. Nyongo aliyoihofu tangu harusi ya mwanawe ilikuwa yake mwenyewe, na yule msichana huenda alikuwa akimpikia samli kwa sababu tu alimwona amekonda. Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, akajifunika uso kwa kanga mbele ya daktari kijana kama mwari.

Walipofika mlangoni Mangi alizungumza. "Nikimkosa Whitney, mama, na mimi utanikosa. Nitahamia Mombasa. Sikutishi, nakuambia."

"Nipeleke kwao nikamwombe radhi."

"Sikupeleki. Mimi nina yangu ya kumwomba. Hili la kwako nenda nalo mwenyewe."

Kadii hakujua kuomba radhi kwa mdomo mtupu. Alfajiri alikwenda kichinjioni akachagua matumbo yaliyonona, akayapika kwa tui la kwanza na pilipili, kama Whitney alivyoyapenda, akayatia kwenye hotpoti kubwa. Hakuonja. Alijifunga kanga mpya, akavuka Sabaki peke yake.

Nyumbani kwa mzee Kambi walimkaribisha bandani, wakampa kiti. Mama yake Whitney, Kahonzi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukata, alimsalimu kwa ncha ya ulimi. Whitney alitoka jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaketi mbali, karibu na baba yake. Kadii akasema yote: maumivu, kioo cha daktari, mawe, mafuta. Alisema, "Nimekudhulumu, Whitney. Nilikuita muuaji katika moyo wangu, na nikakuacha uitwe hivyo na watu. Nimekuja kukuomba urudi." Hakuwahi kusema maneno kama hayo kwa kiumbe chochote, na yalimtoka yamepinda pinda.

"Mawe tumboni," Kahonzi alisema, akimtazama mumewe. "Sisi tuliambiwa alikuwa akijigaragaza makusudi ili mwanawe amfukuze mtoto wetu. Leo ni mawe. Na hicho ulichobeba?"

"Matumbo. Nimempikia mwanangu."

Kahonzi alileta bakuli, akafungua hotpoti, akapakua, mafuta yanametameta juu ya mchuzi. Hakumpa Whitney. Alimsogezea Kadii. "Mgeni akija na chakula, hukitoa uchawi kwanza. Kula nawe tuone."

Hapakuwa na kosa katika maneno hayo. Ndivyo desturi ilivyo, anayeleta chakula au tembo la mnazi huonja wa kwanza ili wenzake wale kwa amani, na Kadii mwenyewe angedai hivyo. Alilitazama bakuli. Aseme daktari amemkataza? Ameleta chakula asichoweza kukila! Angekuwa yeye ameketi upande ule, angeamini? Asingeamini hata kidogo. Alinawa.

"Mama, yana mafuta," Whitney alisema ghafla. "Kama kweli ana mawe..."

"Wewe nyamaza," Kahonzi alisema.

Kadii alikula. Alitaka kuishia kipande kimoja, lakini Kahonzi hakuliondoa bakuli, akala mpaka akakomba. Kahonzi akaifunika hotpoti, akaiweka kando. "Wengine tutakula baadaye," alisema. "Tungoje kidogo."

Wakangoja. Mzee Kambi, aliyekuwa mwema kuliko alivyotaka kuonekana, akaanza kuuliza habari za mvua za Malindi na za kazi ya Mangi, mara akacheka kitu kidogo. Whitney alileta chai ya rangi, akamtilia mavyaa wake sukari bila kuuliza kiasi. Kadii alianza kuona kwamba yataisha vyema. Aliona hivyo kwa muda wa kikombe kimoja, na chini ya mbavu zake mfuko ukajibana.

Alitabasamu. Aliweka kikombe chini, akashika ukingo wa kiti, akasema mvua mwaka huu si mbaya. Jasho likamtiririka kwenye nyusi. Alijaribu kuvuta pumzi, pumzi ikakataa, na mbele ya macho yao wote akateleza kutoka kitini, akajikunja sakafuni.

"Mwamwona!" Kahonzi alikuwa amesimama. "Mwamwona! Kimemrudi! Alimletea mtoto wangu kifo ndani ya hotpoti, Mungu akamgeuzia!"

Majirani walikuwa wamekwisha jaa bandani, kama wanavyojaa popote. Mtu alisema hotpoti isiguswe, ni ushahidi. Mwingine akasema vijana waitwe. Mzee Kambi alishika fimbo yake, uso umembadilika. Kadii alisikia yote. Aliyajua maneno yale moja moja, ni yeye aliyeyatumia Muyeye, na alijua pia kwamba hakuna jibu linaloyazima, maana Whitney alijibu kweli tupu siku ile na haikumsaidia. Alifikiri, nitafia hapa nikiwa mchawi, na Mangi ataambiwa hivyo.

Whitney alipita katikati ya watu. Aliifungua hotpoti, akatia mkono, akatoa pande kubwa la tumbo linalochuruzika, akalitia kinywani.

"Whitney!" mama yake alilia. "Tema! Tema!"

Alitafuna. Alimeza mbele yao wote, akachukua pande jingine, akalila nalo, bila haraka. Kisha akaja akapiga magoti sakafuni na mkono wake wa mafuta akauweka chini ya mbavu za kulia za Kadii.

"Ni hapa?"

"Hapo."

"Inapanda begani?"

"Inapanda."

Whitney alimtazama jasho, midomo iliyopauka, vidole vilivyong'ang'ania kanga. "Na mimi nilidhani unaigiza," alisema taratibu. "Jumapili zote zile. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ananichezea ngoma anitoe kwake."

 Kadii aliushika mkono ule akaukumbatia kifuani, akalia kwa sauti, na si kwa maumivu.

"Baba, weka fimbo, tafuta gari," Whitney alisema. "Mavyaa wangu anakwenda hospitali, na mimi nakwenda naye."

Mzee Kambi alitoka mbio. Majirani wakapisha njia. Kahonzi peke yake hakuondoka. Alibaki amesimama kando ya hotpoti, mikono kichwani, akimkazia mwanawe macho mdomoni, akingoja kuona kama naye ataanguka.